Land Rover 109 iliyoishia mlangoni: uchambuzi wa kisa cha mradi ulioachwa njiani

Februari 2023 nilipelekwa kuona gari nyuma ya nyumba moja upande wa chini wa mji wa Moshi. Lilikuwa chini ya mwembe, magurudumu yametolewa, limekalia matofali ya saruji. Land Rover 109, Series III, pikapu. Bodi ilikuwa na rangi ya kijani iliyopigwa vizuri, vumbi tu juu yake. Injini ilikuwa mahali pake, safi, imefunikwa gunia. Halikuwa na taa, wala viti, na kioo cha mbele cha kushoto hakikuwepo. Kijana aliyenielekeza alikuwa ameniambia kwa simu, "Limebaki kidogo tu." Nami niliposimama mbele ya gari niliona hivyo hivyo: viti, taa, kioo, waya, basi.

Nimekiandika kisa hiki kwa sababu ya neno hilo, kidogo tu. Magari ya zamani yaliyoanzwa kutengenezwa yakaachwa yapo mengi nyuma ya nyumba zetu, na karibu kila moja linauzwa kwa neno hilo. Ukiuliza kwa nini liliachwa, jibu ni hela, au mwenyewe alihama, au aliugua. Majibu hayo mara nyingi ni ya kweli. Lakini mtu aliyeishiwa hela huachia popote pale hela ilipokatikia. Gari hili liliachwa mahali maalumu kabisa, na ilinichukua ziara mbili kupaona.

Niseme kwanza ni gari la namna gani, kwa wale wasiolijua kwa undani. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini ya petroli ya silinda nne ina ujazo wa 2,286 cc, ile ambayo mafundi wa zamani huiita "tu-kwota", yaani lita mbili na robo. Bodi yake ni ya alumini: Land Rover ya kwanza ilipotoka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi, na mtindo huo ukabaki. Chini ya alumini hiyo kuna chesisi ya chuma, iliyoundwa kwa mabati mazito manne yaliyochomelewa pamoja yakawa kama sanduku refu. Sanduku hilo huoza kuanzia ndani. Maji na tope vikiingia havitoki, na kutu ikijitokeza nje, ndani imeshakula muda mrefu.

Alumini nayo ina hila yake kwa mnunuzi. Watu wengi huja na sumaku mfukoni kutafuta puti, ule mchanganyiko wa kujazia mabonde, chini ya rangi. Sumaku ikikataa kushika, kuna puti. Kwenye Land Rover sumaku haishiki kwenye bati za alumini za bodi, kwa hiyo hapo haikuambii lolote. Utahitaji tochi iliyolazwa pembeni ili mwanga upite juu ya bati, na kucha ya kidole gumba. Sehemu za kutazama sana ni zile ambapo alumini imefungwa kwenye chuma. Unyevu ukikaa katikati yao, alumini hugeuka unga mweupe na rangi huinuka kama lengelenge. Gari hili lilikuwa na malengelenge machache kwenye kingo za milango, si ya kutisha.

Kwenye chesisi nilitumia nyundo ndogo. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkavu, kilichooza hujibu kwa mlio mzito uliokufa. Nilianza nyuma nikaja mbele. Nyuma ilikuwa imebadilishwa, kazi nzuri. Katikati nzima. Mbele kushoto, chini ya miguu ya abiria, niliona mkono wa chesisi, kile chuma kinachotoka ubavuni kubeba ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ulikuwa mpya na umechomelewa kwa nguvu nyingi, chuma cha welding kimejaa kama uji uliofurika. Nikaandika: mkono wa kushoto umebadilishwa, sawa. Niliandika "sawa" kwa sababu chuma kilikuwa kizima. Sikupima chochote.

Daftari

Mwenye gari alikuwa ameshafariki. Aliyekuwa akiliuza ni mjane wake. Ziara ya kwanza nilimkuta na wajukuu, tukaongea kidogo. Ziara ya pili, wiki tatu baadaye, nilikwenda na fundi wangu kutoka Arusha, mzee aliyezoea Land Rover tangu ujana wake. Tulimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, akamsalimia mzee kama kaka, akatutengea viti chini ya mwembe. Nikamuuliza moja kwa moja: "Mama, mzee wako aliishia wapi hasa? Siku ya mwisho alikuwa anafanya nini?"

Hakujibu hela. Alisema, "Mlango. Alikuwa anahangaika na mlango." Akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu.

Nimesoma daftari hilo mara nyingi tangu siku ile. Marehemu alikuwa mtu wa mpangilio. Kila spea imeandikwa, tarehe, bei, na mahali iliponunuliwa, kuanzia 2006. Jumla niliyoipata ni shilingi 4,180,000. Injini ilifunguliwa yote, silinda zikachongwa, pistoni na ringi mpya. Rangi ilikula fedha nyingi. Viti vilishonwa. Halafu, katikati ya 2008, kuna mstari mmoja: mkono wa chesisi kushoto, chuma na kuchomelea, shilingi 60,000. Mistari miwili baada ya hapo, kurasa zinaanza kubadilika. "Mlango wa kushoto haufungi." Washa, yaani visahani vya chuma, za kuweka kwenye bawaba. "Mlango wa kushoto haufungi." Bawaba mpya. Kioo cha mbele kushoto kimepasuka. Kioo kipya. Kitasa kipya. Kioo kimepasuka tena. "Mlango wa kushoto haufungi." Mstari wa mwisho ni wa Agosti 2010 na unasema hivyo hivyo, bila bei mbele yake.

Mzee wangu aliusoma ukurasa ule, akanyamaza, kisha akaomba uzi, timazi (uzito wa kuning'iniza kwenye uzi) na chaki.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye Land Rover hii milango ya mbele imening'inia kwenye ule ukuta wa mbele, na inafungia kwenye bodi ya nyuma. Fremu ya vioo vya mbele nayo imefungwa juu ya ukuta huohuo. Na ukuta wenyewe umesimama juu ya mikono miwili ya chesisi, kushoto na kulia. Mkono mmoja ukichomelewa chini kuliko mwenzake, ukuta unainama upande huo. Mlango unaoning'inia hapo unashuka nao na hauoani tena na kitasa. Fremu ya vioo inapindika, na kwa kuwa vioo vya Series III ni viwili na vimenyooka kama vya dirisha la nyumba, haviwezi kujikunja, vinapasuka.

Tulisafisha sakafu ya saruji chini ya gari, tukashusha timazi kutoka pointi zinazolingana kulia na kushoto, tukaweka alama za chaki. Tukavuta uzi kimshazari, kona kwa kona, mara mbili. Mishazari ilitofautiana kwa milimita 9. Kisha tukapima urefu wa kwenda juu: mkono wa kushoto ulikuwa chini kwa milimita 14 kuliko wa kulia. Nusu inchi na kidogo. Aliyeuchomelea inaelekea aliukata wa zamani wakati gari limesimama juu ya mawe, uzito wa injini na ukuta ukashuka taratibu, naye akachomelea pale uliposhukia. Chuma chake ni kigumu, hakitaachia kamwe, ila kipo mahali pasipo pake.

Marehemu alitengeneza kila kitu kilichokuwa juu ya kosa lile. Alibadilisha bawaba, kitasa, vioo. Alipaka rangi. Vyote vilikuwa vizima tangu mwanzo. Naamini angefika mwisho kama mtu mmoja tu angempimia chesisi siku moja, na jambo hilo bado linanisikitisha. Miaka miwili ya Jumamosi za mtu aliyekuwa na subira na mkono mzuri iliishia kwenye milimita 14.

Bei, na haki ya mama

Sasa nilikuwa najua kitu ambacho muuzaji hakijui. Wapo wanunuzi wanaosema ujuzi ni mtaji wao, kwamba mtu hulipwa kwa macho yake. Sikubaliani nao, hasa pale muuzaji anapokuwa mjane anayeuza kazi ya mume wake. Nilimweleza mama kila kitu, nikamwonyesha alama za chaki. Alizitazama kwa muda. "Kwa hiyo si mlango," alisema. Nikamwambia, "Si mlango, mama. Mlango hauna kosa."

Alikuwa ameanza na bei ya milioni sita. Hesabu yake ilikuwa ya daftari: milioni nne na ushee zilizotumika, na gari lenyewe. Hesabu hiyo hufanywa na kila anayeuza mradi, naielewa, lakini haiwezi kusimama. Fedha iliyolipia vioo viwili vilivyopasuka haimo tena ndani ya gari. Rangi iliyopigwa kabla ya chesisi kunyooka itabidi ikwanguliwe sehemu. Injini iliyofunguliwa na kufungwa bila kuwashwa kwa zaidi ya miaka kumi si injini mpya; sili zimekauka, na huenda ringi zimeshika kutu ndani. Upande wa pili, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamempa 800,000, wakipima kwa kilo, na hiyo nayo si haki kwa gari lenye chesisi iliyo nzima kwa sehemu kubwa, ekseli zake, gia boksi, na namba zinazosomeka.

Namba ndizo zilizonifanya niendelee. Ya chesisi hugongwa kwenye chuma cha mbele kulia kinachoshika springi. Tulikwangua rangi, tukapiga brashi ya waya, ikatokea tarakimu kwa tarakimu sawa na kadi ya usajili. Ya injini pia. Kwa gari la umri huu, ambalo huenda limebadilishwa moyo mara mbili tatu bila mtu kwenda kurekebisha kadi, hilo ni jambo kubwa. Kama namba zisingeoana ningerudi Arusha mikono mitupu, hata kama mama angeniachia bure.

Mtoto wake mkubwa alikuwa na hofu nyingine, kwamba gari limelimbikiza deni la leseni ya barabara tangu 2010 na kwamba anayeligusa atalipishwa. Hofu hii imezika magari mengi nchini. Kwa hiyo nilimweleza kwamba ada ile ya mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta, na malimbikizo yakasamehewa. Jambo lililohitaji uangalifu kweli lilikuwa mirathi. Kadi ilikuwa ya jina la marehemu, na marehemu hawezi kusaini mkataba wa mauziano. Kwa bahati nzuri mama alikuwa ameshateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi kwa ajili ya nyumba, barua ipo. Tulikubaliana gari litajwe kwenye orodha ya mali, watoto wote wasaini kwamba wanaridhia, ndipo nilipe. Ilichukua miezi miwili. Watu waliniambia nilipe nusu nilichukue gari, karatasi zitafuata. Karatasi zinazofuata ndizo zinazozalisha ugomvi wa ndugu, na mwenye kuumia ni mjane kwanza, mnunuzi baadaye.

Nililipa 2,800,000. Nilimwandikia mama kwenye karatasi jinsi nilivyofikia bei hiyo, kipengele kwa kipengele, ili hata mtoto wake akiuliza mwaka kesho awe na jibu.

Kazi

Kosa langu la kwanza lilikuja siku ya pili gari lilipofika gereji, mtaa wa Unga Limited, Arusha. Nilitaka kusikia injini. Mzee alisema chesisi kwanza, nami nikamshawishi tuwashe kwanza, "tujue tu". Tulitoa plagi, tukamimina dizeli kidogo kwenye kila silinda, tukaacha wiki nzima, kisha tukazungusha kwa mkono. Hapo raha ya gari hili ilionekana, maana lina tundu la hendeli mbele, unazungusha mwenyewe na kuhisi kila pistoni inavyopita. Ilikuwa nzito robo mzunguko wa kwanza, halafu ikalainika. Vali mbili zilikuwa zimekwama, tukazilegeza. Tukabadilisha oili, tukazungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili ikazima, kumaanisha oili imefika juu. Tukaweka pengo la vali zote sehemu kumi za elfu za inchi, yaani milimita 0.25, tukafunga waya za plagi kwa mpangilio wake, 1-3-4-2, tukaipa petroli kutoka kwenye dumu. Iliwaka mara ya nne.

Furaha ile ilinigharimu. Nikiwa bado na mlio masikioni nilikwenda kununua matairi matano mapya, na matairi hayo yakakaa yamelazwa ukutani miezi kumi na minne. Fedha yake ingenunua breki nzima, na breki ndizo zilizotuchelewesha baadaye.

Kwenye chesisi tulifanya kinyume cha alivyofanya fundi wa 2008. Tuliweka gari kwenye stendi nne juu ya sakafu iliyosawazishwa, tukatoa injini, tukatoa mbawa za mbele. Kabla ya kukata chochote, mzee alifunga mlango wa kushoto kwenye nafasi yake halisi, akaupandisha kwa jeki ndogo hadi ukaoana na bodi ya nyuma pande zote, akafunga vyuma vya pembe kukatiza uwazi wa mlango ili umbo lisibadilike. Ndipo alipokata ule mkono kwa grainda. Ukuta ulibaki umeshikwa na vyuma vile. Tukapandisha mkono mpya chini yake, tukapima mishazari, tukashikiza kwa nukta nne tu za welding. Tukafungua mlango, tukafunga. Tukapima tena. Kisha akachomelea vipande vifupi vya sentimita mbili, kimoja mbele, kimoja nyuma, akiacha chuma kipoe, kwa sababu joto la welding huvuta chuma na lingeweza kuturudisha tulikotoka. Siku mbili kwa mkono mmoja. Mwisho tofauti ya urefu ilikuwa milimita 1, na ya mishazari 2. Kwa gari lililozaliwa na milango isiyowahi kuziba vumbi, hiyo ni sawasawa.

Kulikuwa na mjadala wa injini. Vijana wa gereji walinishauri nitoe petroli niweke dizeli ya Toyota, kama zilivyofanywa nyingi. Hoja zao si za kipuuzi: mafuta hupungua na spea zipo kila duka. Kwa mtu anayebeba mahindi kila siku ningemshauri hivyohivyo, mradi aende kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Mimi nilikataa. Injini ya daftari ilikuwa nzima, mtu aliilipia na kuipanga kwa uangalifu, na gari lenye namba zake zote mbili za asili linazidi kuwa adimu.

Baada ya chesisi, kazi ilibaki ya kawaida na ndefu. Sehemu zote za breki zenye mpira, yaani silinda ndogo za magurudumu na mabomba yake, zilikuwa zimekufa. Tangi la mafuta lilikuwa na utando mgumu kama lami. Waya tulivuta upya. Kilichotesa kuliko vyote ni vitu vidogo: bolti za inchi zenye nyuzi zisizofanana na za Toyota, vibano vya fremu ya kioo, riveti, mipira ya milango. Mradi uliofunguliwa na mtu mwingine huja na sanduku la bolti, na huwezi kujua kilichopungua mpaka ufike kukitafuta. Ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningemwaga sanduku lile kwenye turubai siku ya ununuzi na kuhesabu. Matumizi yangu, mbali na bei ya gari, yalifika 7,350,000. Oktoba 2024 Arusha ilipojaa Land Rover kwa ajili ya tamasha lake, letu lilikuwa bado limesimama bila breki za nyuma, nikaenda kuyatazama ya wenzangu kwa miguu.

Lilitembea Desemba. Safari ya kwanza ndefu ilikuwa Moshi. Mama alitoka nje kabla sijazima injini, akaja upande wa kushoto, upande wa abiria, akafungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena. Hakusema kitu kwa muda, nami sikumharakisha. Halafu akaomba apelekwe sokoni, na wajukuu wakapanda nyuma.

Daftari nilikuwa nimelitoa nakala, nakala ipo ndani ya gari, na siku ile nilimrudishia lenyewe. Chini ya mstari wa Agosti 2010 nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu tarehe, "mkono wa chesisi kushoto, umepandishwa mm 14," na bei yake. Chini ya hapo, "gia boksi inavuja oili kidogo, sili bado haijapatikana."